Visiki vinne vya Mbweni na mashine iliyosaga kimoja

Mwenye nyumba ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, na mtaa mzima humwita Mwalimu tu. Kiwanja chake kipo Mbweni, kaskazini mwa Dar es Salaam, upande wa baharini, na kilikuwa na visiki vinne: mwarobaini nyuma ya jiko, minazi miwili karibu na geti, na mvinje mmoja nje ya ukuta, pale ufukwe unapoanzia. Mwanawe, ambaye ndiye mlipaji, alitaka vyote visagwe kwa mashine siku moja ili mambo yaishe. Shughuli zangu ni bustani na viwanja, kwa hiyo niliitwa kutazama kabla pesa haijatoka. Mashine ilikuja, ikafanya kazi nzuri, ikasaga kisiki kimoja. Vingine vitatu havikuihitaji, na kimojawapo hakikupaswa kuguswa na mtu.

Kesi kubwa ilikuwa ya mwarobaini. Mti wenyewe ulikatwa miaka miwili kabla, baada ya tawi kuangukia bati la jiko wakati wa masika. Aliyeukata kwa chensoo alibeba magogo yake, akaacha kisiki cha futi moja juu ya ardhi, akaaga. Sasa mwarobaini si mti wa kukata ukaupa mgongo. Huchipua kwenye kisiki, na mizizi yake ikijeruhiwa huchipua hata mbali na shina. Kila mvua ziliponyesha Mwalimu alivuna fimbo za kumfika kifuani, akazifyeka, zikarudi nyingi zaidi. Wakati huohuo mizizi ilikuwa hai na ikiendelea kunenepa kuelekea kwenye unyevu, na unyevu wa uhakika pale nyuma ni mmoja tu, karo la choo. Mfuniko wa karo ulikuwa umeshainuka upande mmoja.

Ushauri wa majirani ulikuwa umeshatumika karibu wote. Wa kwanza alisema mwaga oil chafu ya gereji. Wa pili, toboa matundu ujaze chumvi ya mawe. Wa tatu alileta tairi kuukuu, likachomwa juu ya kisiki usiku kucha. Kisiki kilibaki na uso mweusi kama sufuria, na wiki chache baadaye kikachipua ubavuni.

Haya mambo yana hesabu yake pwani, na sijui kwa nini hatuisemi waziwazi. Chini ya mchanga wa Mbweni, mara nyingi si mbali, kuna jiwe la matumbawe, na jiwe hilo limejaa matundu na nyufa. Maji yanayopita pale hayachujwi kama yanavyochujwa kwenye udongo wa mfinyanzi, yanashuka moja kwa moja. Kisima cha jirani wa kushoto kipo hatua chache kutoka kwenye ule ukuta. Oil chafu haiui mti wenye mizizi mirefu kiasi kile, lakini inatosha kabisa kuharibu maji ya watu. Chumvi nayo ina ubaya wa pili. Kisiki kilikuwa mita 2.4 kutoka kwenye ukuta wa jiko, na chumvi ikifika kwenye zege hula nondo kwa ndani, taratibu, mpaka zege linapasuka. Nyumba za pwani tayari zinapigwa na chumvi ya upepo wa bahari. Kuziongezea nyingine chini ya msingi kwa mikono yetu wenyewe ni kazi ya ajabu.

Kwa nini basi isiwe sururu na vijana wawili, kama tulivyozoea? Kwa kisiki kilichosimama peke yake katikati ya shamba ningesema hivyo bila kusita, tena mchoma mkaa angekuja kukichimba bure. Hapa palikuwa na ukuta upande mmoja, karo upande wa pili, na kati yake mizizi minene iliyopita chini ya vyote viwili. Kukichimba mpaka king'oke ilikuwa lazima kufungua shimo pana hadi kwenye msingi. Kukivuta kwa kijiko, ile mashine ya kuchimbia, ingekuwa mbaya zaidi, maana mzizi unaovutwa huinua kila kilicholala juu yake, na pale kilicholala juu yake ni karo. Mashine ya kusaga haivuti chochote. Inakila kisiki kutoka juu kwenda chini, na mizizi iliyo pembeni inabaki palepale ilipo, imekatwa mawasiliano na shina. Hiyo ndiyo sababu ya kuilipia, kuliko wepesi au usafi.

Kazi ilianza siku moja kabla ya mashine, kwa kutafuta bomba. Ramani ya nyumba ilionyesha vyumba tu. Tulifungua chemba ya jikoni, tukaingiza waya wa kuzibulia mpaka ukagota kwenye karo, tukauchomoa na kuulaza juu ya ardhi kufuata uelekeo uleule. Bomba lilikuwa linapita sentimita 40 tu kutoka kwenye makalio ya mti, pale shina linapotanuka kuwa mizizi. Tukachora mstari wa chokaa. Kisha vijana walifukua udongo kukizunguka kisiki, wakaokota mawe, wakaufagia ule ubavu wa mizizi na kuumwagia maji.

Kuosha kisiki kuna maana yake. Mashine ni injini ya petroli juu ya magurudumu, na mbele yake kuna gurudumu zito la chuma lililopangwa meno ya kabaidi kwenye ukingo. Fundi hulishusha kwenye ncha ya kisiki na kulipeleka kushoto na kulia, kila mpito unaondoka na sentimita chache za mbao. Kabaidi ni ngumu kuliko chuma cha pua, lakini haina uvumilivu, ikigonga jiwe gumu inameguka. Jino likimeguka mashine inaanza kuruka badala ya kukata, fundi anakandamiza zaidi, na jino la pili linafuata. Mchanga pia huyachakaza meno hayo. Ukiona fundi anashusha mashine kwenye gari na kuiwasha papo hapo bila kufukua, ujue gharama ya meno yake ameshaiweka kwenye bei yako.

Yetu ilifika kwa kirikuu, kigari cha mizigo, asubuhi, na ikapita kwenye mlango mdogo wa geti kwa nafasi ya vidole. Fundi alimwamkia Mwalimu, akavaa miwani, vizibo vya masikio na buti, akashusha pazia la mpira nyuma ya gurudumu, kisha akaomba mbao za plaiwudi zisimamishwe mbele ya madirisha ya jiko. Kokoto moja inayotoka pale chini inatosha kupasua kioo, au jicho. Wajukuu walipelekwa kwa jirani. Walilalamika sana.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri, mbao ya mwarobaini ikitoka nyekundu na harufu yake chungu ikijaa uani. Halafu ukasikika mlio mwingine, mwembamba, wa chuma. Fundi akazima. Tulipochokoa kwa patasi tukakuta senyenge, nyuzi mbili, katikati kabisa ya kisiki. Mwalimu alikumbuka: kabla ya ukuta, miaka ya themanini, fensi ilikuwa ya waya, na huu mwarobaini mchanga ulitumika kama nguzo. Mti ulikua ukaumeza waya, ukafunga gome juu yake, na nje hapakuonekana hata alama. Kipande chote kile kilitolewa kwa shoka na koleo la kukatia waya. Kwa miti iliyo kwenye mipaka ya viwanja vya zamani, hili ni jambo la kuulizwa kwanza, pamoja na misumari ya kamba za kuanikia nguo na saruji ambayo watu hujaza kwenye shina lenye pango.

Upande wa bomba mashine haikupita. Mwalimu hakupenda.

“Fundi, mbona hapa umepaacha?”

“Mwalimu, hapo chini kuna bomba lako. Nikipita leo patapendeza, kesho utaniita na harufu yake.”

Mzizi wa upande ule ulikatwa kwa msumeno wa mkono, ukabaki kama ulivyo chini ya mstari wa chokaa.

Swali ambalo wenye nyumba wengi hawaulizi ni kina. Mafundi wengi husaga sentimita 20 hadi 30 chini ya ardhi, na kwa bustani ya majani hiyo inatosha. Mwalimu alitaka kuweka pevingi pale, gari liegeshwe. Hapo unapiga hesabu kutoka juu: tofali la pevingi sentimita 8 kwa kuwa gari litapita, mchanga wa kulalia sentimita 3, kifusi kilichoshindiliwa sentimita 20. Umeshafika 31 kabla hujagusa udongo wa asili. Kisiki kikiachwa kwenye sentimita 25, mafundi pevingi watakikuta katikati ya kifusi chao, watakifunika kimyakimya, na baada ya miaka michache kitaoza na gari litatumbukia tairi moja. Tukaagiza sentimita 40. Kwenye 35, upande wa mashariki, gurudumu likagusa jiwe la matumbawe na kutoa vumbi jeupe. Fundi akainua mara moja. Jiwe hilo ni laini kiasi cha kukatwa kwa mkono, magofu ya Kunduchi hapo jirani yamejengwa kwa lilelile, lakini lina vipande vilivyokomaa ambavyo meno hayavipendi. Tuliridhika na 35 upande ule, kwa kuwa chini yake hapakuwa na mbao tena, mizizi ilikuwa imepenya kwenye nyufa nyembamba.

Baada ya hapo panabaki lundo, na lundo huwashtua watu. Kisiki kilichosagwa hutanuka. Hiki chenye upana wa mita 1.1 kwenye ardhi kilitoa zaidi ya mita moja ya ujazo ya machicha ya mbao yaliyochanganyika na mchanga. Mafundi pevingi, waliokuja kuchungulia mchana, walifurahi: si yarudishwe shimoni, yashindiliwe, kazi iendelee? Hapana. Machicha yanaoza na kushuka, na pevingi iliyo juu yake itashuka nayo. Yalitolewa yote kwa chepeo, shimo likajazwa kifusi cha moramu kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa. Machicha yenyewe yalitandazwa chini ya miti ya mbele, mbali kidogo na mashina, juu ya udongo bila kuchanganywa nao. Mbao mbichi ikifukiwa, vijidudu vinavyoiozesha huchukua naitrojeni ya udongo, na mimea iliyo karibu hugeuka njano. Ikitandazwa juu, athari hiyo ni ndogo, na inazuia jua kukausha mchanga.

Tuje kwenye minazi, maana hapo ndipo nilipogombana na mwenye pesa.

Kisiki cha mnazi kinatisha kwa macho tu. Mnazi hauna mzizi mkuu. Una mizizi mingi myembamba, unene wa penseli, iliyotoka kwenye kitako kimoja kama ndevu. Ukikatwa kichwa umekufa, hauchipui. Mbao yake ni ngumu pembeni na laini katikati, na imejaa nyuzi. Fundi mwenyewe, ambaye angelipwa, alisema hapendi kuupitisha kwenye mashine: nyuzi hujisokota kwenye ekseli na kila baada ya dakika chache lazima azime azikate kwa kisu. Kwenye mchanga wa Mbweni vijana wawili wenye sururu, shoka na mtaimbo walizunguka kitako, wakakata ndevu, wakakibingirisha nje. Vyote viwili viliisha kabla ya adhuhuri. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya mashine.

Mwanawe Mwalimu aliuliza kwenye simu: kama mnazi hauchipui na kisiki kinaoza chenyewe, kwa nini visiachwe vioze? Swali zuri, na jibu lake lilikuwa ndani ya visiki. Vilikuwa vimekaa miezi kadhaa tangu minazi ikatwe, na shoka la kwanza lilipokipasua kimoja walitoka funza weupe, wanene kama kidole gumba, wamejikunja, vichwa vya kahawia. Kuku wa Mwalimu walifika kabla hatujamaliza kushangaa.

Wale ni watoto wa chonga. Chonga mkubwa, yule mende mweusi mwenye pembe, hashambulii kisiki. Hutaga kwenye mbao ya mnazi inayooza, funza hula humo kwa miezi, halafu wakishakuwa wakubwa huruka usiku kutafuta minazi iliyo hai, hutoboa kileleni na kula moyo wa makuti ambayo bado hayajafunguka. Kuti hilo likija kufunguka linaonekana limekatwa pembe kwa mkasi. Tulitazama juu: minazi mitatu ya Mwalimu ilikuwa na alama hiyo. Mnazi mkubwa huvumilia kushambuliwa mara kadhaa, mche mdogo hufa. Wakulima wa pwani humtoa chonga mmojammoja kwa waya wenye ndoano, kazi ya kupanda mti kwa kila mende, huku chini ya mti kuna kisiki kinachozalisha wengine. Kwa hiyo visiki vya minazi lazima viondoke, ila si kwa mashine, na vikishatoka visirundikwe kwenye kona ya uwanja. Hivi vilipasuliwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikakauka, vikaenda kwa mama anayechemsha maharage kule barabarani. Chonga anataka unyevu. Kipande kikavu hakimfai.

Kama ningekuwa na nafasi ya kumwambia kila mwenye nyumba wa pwani jambo moja kuhusu visiki, ningeanza na hicho cha mnazi. Mwarobaini unakusumbua wewe na karo lako, kisiki cha mnazi kinasumbua minazi ya mtaa mzima.

Mvinje sikuujadili sana. Ulikuwa nje ya ukuta, umbali mfupi kutoka pale maji ya bahari yanapofika yakijaa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ndani ya mita 60 za ufukwe shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu ukingo wa bahari. Hata bila sheria jibu lingekuwa lilelile. Mvinje mkubwa ukishakatwa kwa kawaida hauchipui, kwa hiyo hautamsumbua mtu. Mizizi yake ingali imeshika mchanga, na itashika kwa miaka. Kuusaga ni kulegeza mchanga huo mahali ambapo bahari inatafuta pa kuanzia, na yeyote aliyeona ufukwe wa Kunduchi ulivyoliwa hahitaji kuelezwa zaidi. Kisiki kimoja hakitaizuia bahari. Lakini kukiondoa ili mandhari ipendeze kutoka kibarazani ni kulipa pesa ili upoteze mchanga. Mwalimu alikubali upesi, mwanawe akakubali aliposikia kwamba faini ingekuwa ya mama yake. Ushauri ulikuwa kupanda miche mingine ya ufukweni pembeni yake, na kuacha mbigili za mchangani zitambae.

Bei ilileta kelele kidogo. Fundi alikuwa ametoa makadirio kwa picha ya WhatsApp, na kwenye picha kisiki kilionekana cha sentimita 70, kwa sababu picha ilipigwa kutoka juu, kwenye uso uliokatwa. Alipofika akapima chini, kwenye udongo, pale makalio ya mizizi yanapotanuka, akapata 110. Mashine inasaga kile kilicho chini, haisagi picha. Mlipaji aliona anaibiwa, mimi nilikuwa upande wa fundi. Makosa yapo kwenye namna tunavyoagiza: picha moja, ujumbe “bei gani hii?”, basi. Mtu angeweka utepe wa kupimia pale kwenye udongo, akapiga picha, akataja upana wa mlango, umbali wa ukuta na karo, na anataka kuweka nini juu, bei ya kwanza ingekuwa ndiyo ya mwisho. Na angeuliza mapema nani anaondoka na machicha, kwa sababu kwa mafundi wengi hilo ni bei nyingine.

Mvua za vuli zilipokuja, machipukizi ya mwarobaini yalitokea tena, mita nne kutoka kwenye shimo la zamani, kando ya ua. Hilo lilitarajiwa. Mashine inaua shina, na mizizi ya pembeni huishi kwa akiba yake kwa muda. Dawa ya magugu tuliikataa kwa ajili ya kile kisima. Mwalimu anayang'oa kwa mkono yakiwa bado laini, udongo ukiwa na maji, na kila awamu yanatoka machache. Mfuniko wa karo umesawazishwa, pevingi imelala sawa, na mmoja wa ile minazi mitatu yenye alama za chonga, uliokufa kilele, utakatwa baada ya Ramadhani. Vijana wa sururu wameshaambiwa waje wiki hiyohiyo.